Walitajwa Kabla ya Kujitaja

Takao Ozawa alihamia California kutoka Japani mwaka 1894, akiwa kijana. Alisoma sekondari Berkeley, akaingia Chuo Kikuu cha California, kisha akahamia Honolulu, akapata kazi na kulea familia. Nyumbani kwake kilizungumzwa Kiingereza, na kanisa waliloabudu lilikuwa la Kimarekani. Alipoomba uraia mwaka 1914 alikuwa ameishi chini ya bendera ya Marekani kwa miaka 20. Kesi yake ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na Novemba 1922 majaji wakakiri kwamba kwa tabia na kwa elimu anafaa kabisa kuwa raia. Kisha wakamnyima. Sheria ya mwaka 1790 ilisema anayeweza kuandikishwa uraia ni "mtu mweupe aliye huru", na mwaka 1870 Bunge liliongeza watu wenye asili ya Afrika tu. Mjapani hakuwemo. Mtu mweupe, mahakama ikafafanua, ni yule wa jamii ya Kaukasi.

Miezi mitatu baadaye ikaja zamu ya Bhagat Singh Thind. Huyu alizaliwa Punjab na alikuwa amevaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza. Wanasayansi wa siku zile waliwaweka watu wa kaskazini mwa India katika jamii hiyohiyo ya Kaukasi, kwa hiyo hoja yake ilikuwa fupi: mmesema mweupe ni Mkaukasi, nami ndiye. Jaji aliyeandika hukumu ya Ozawa, George Sutherland, ndiye aliyeandika na hii ya Februari 1923. Safari hii akasema sayansi haina kauli hapa. Mweupe ni yule ambaye mtu wa kawaida humwona kuwa mweupe, na mtu wa kawaida hamwoni Mhindi hivyo. Sutherland mwenyewe alizaliwa Uingereza, akaletwa Marekani akiwa mtoto mdogo.

Baada ya hukumu hiyo serikali ikaanza kuwavua uraia Wahindi waliokwisha kuupata. Mmoja wao alikuwa Vaishno Das Bagai, mfanyabiashara wa San Francisco. Sheria ya California iliwakataza wageni wasioweza kuwa raia kumiliki ardhi, hivyo uraia ulipoondoka mali nayo ikafuata. Aliomba pasipoti ya Marekani akawatembelee ndugu zake India, akanyimwa. Mwaka 1928 alijiua, akaacha barua iliyochapishwa gazetini.

Nimeanza na watu hawa watatu kwa sababu malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara huwa na mwanzo mwingine kabisa. Husemwa hivi: jamii huria za Magharibi zilikuwa zikienda vizuri, kila mtu akipimwa kwa utu na juhudi zake, mpaka wasomi fulani wa vyuo vikuu wakaleta siasa za utambulisho na kuwagawa raia kwa rangi, jinsia na dini. Anayesema hivyo mara nyingi anaumia kweli kuona nchi yake ikigawanyika, na sina sababu ya kumbeza. Lakini zama hizo za raia asiye na rangi hazimo katika vitabu vya sheria vya Marekani. Ozawa alikwenda mahakamani kama mtu mmoja mwenye sifa zake. Mahakama ndiyo iliyomjibu kama kundi. Sharti la rangi katika uraia lilifutwa mwaka 1952, na kufikia hapo lilikuwa limedumu miaka 162.

Ahadi ya Paris

Desemba 1789, Bunge la Taifa la Ufaransa lilikuwa likijadili nani ahesabiwe kuwa raia kamili. Azimio la Haki za Binadamu na Raia lilikuwa na miezi minne tu. Je, Wayahudi nao wamo? Mbunge Stanislas de Clermont-Tonnerre alisimama upande wao, na hoja yake mpaka leo ndiyo uti wa mgongo wa fikra za kiliberali kuhusu jambo hili: kama taifa, Wayahudi wanyimwe kila kitu, kama watu binafsi, wapewe kila kitu. Yaani ingia peke yako, uache kundi lako mlangoni, na humu ndani utakuwa sawa na yeyote.

Ni ahadi kubwa, na naiheshimu kwa dhati. Iliwatoa watu katika utaratibu ambamo haki ya mtu ilitegemea tumbo alilotokea: mtukufu ana zake, kasisi zake, mkulima hana. Tatizo ni kwamba waliotoa ahadi walikuwa wamekwisha kuamua nani ni "mtu binafsi". Septemba 1791, mwezi uleule Wayahudi wote wa Ufaransa walipopewa uraia, Olympe de Gouges aliandika azimio la haki za mwanamke, akilifuata lile la 1789 kifungu kwa kifungu. Hakuna aliyelipitisha. Novemba 1793 alikatwa kichwa kwa maandishi yake ya kisiasa, na wanawake wa Ufaransa wakasubiri haki ya kupiga kura hadi mwaka 1944. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, walikwisha kuinuka Agosti 1791. Paris ikafuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha katika makoloni mwaka 1802. Kila mmoja wa watu hawa alitaka kuingia kama mtu mmoja, kama ahadi ilivyosema. Mlangoni akaambiwa yeye ni mwanamke, yeye ni mweusi.

Hapo ndipo ninapoona chimbuko halisi. Anayezuiwa kwa sababu ya kundi hana njia ya kujitetea isipokuwa kulitaja kundi hilo. Huwezi kuidai haki uliyonyimwa kama mwanamke bila kutamka neno mwanamke.

Kuna mkondo wa pili ulioingia humo, na watu huuchanganya na wa kwanza. Mwishoni mwa karne ya 18 Johann Gottfried Herder, mwanafalsafa wa Kijerumani, alifundisha kwamba kila watu wana namna yao ya kuwa watu, lugha yao na roho yao, na kwamba kuiga ya wengine ni kujipoteza. Kutoka hapo, kupitia falsafa ya Hegel na baadaye saikolojia ya karne ya 20, lilikua dai la kutambuliwa: nione jinsi nilivyo, na usiponiona hivyo umenijeruhi. Mwanafalsafa wa Kanada Charles Taylor alieleza vizuri miaka ya 1990 jinsi madai haya mawili yanavyovutana. La kwanza linataka nitendewe kama wengine. La pili linataka tofauti yangu iheshimiwe. Sheria inaweza kulilipa la kwanza ikaona mwisho wake. La pili halina risiti, na sehemu kubwa ya uchungu wa siasa za leo inatokana na kulipa la pili kwa maneno mazuri huku la kwanza likibaki halijalipwa.

Mwaka 1977

Aprili 1977, kikundi cha wanawake weusi mjini Boston kilitoa tamko. Kilijiita Combahee River Collective, kwa heshima ya uvamizi wa Juni 1863 katika mto Combahee, South Carolina, ambako Harriet Tubman alishiriki kuongoza operesheni iliyowakomboa watumwa zaidi ya 700. Waandishi wa tamko walikuwa Barbara Smith, dada yake Beverly Smith, na Demita Frazier. Humo ndimo siasa za utambulisho zilipotajwa kwa jina hilo na kuelezwa kuwa mpango wa kazi.

Wengi wanaolilaani tamko hilo hawajalisoma. Wanawake wale walikuwa wajamaa. Walikuwa wamefanya kazi katika vyama vya watu weusi, wakakuta mambo ya wanawake yanasubirishwa. Wakafanya kazi katika vyama vya wanawake, wakakuta mambo ya weusi hayamo. Wengi wao walikuwa wanawake wanaopenda wanawake wenzao, na hilo halikuwa na nafasi popote. Wakasema: hakuna atakayelipigania suala letu kama sisi wenyewe. Lakini papo hapo walikataa kujitenga. Walisema wanasimama pamoja na wanaume weusi wapenda maendeleo, na kwamba mwanamke mweusi akiwa huru itabidi kila mtu awe huru, kwa sababu uhuru wake unataka mifumo yote ya ukandamizaji ivunjwe. Walianzia kwao ili kuwafikia wote.

Na hawakuwa watu wa maneno tu. Mwanzoni mwa 1979 wanawake weusi waliuawa mmoja baada ya mwingine mjini Boston. Viongozi waliongea juu ya ubaguzi wa rangi, wakawashauri wanawake wakae ndani au watafute mwanamume wa kuwalinda. Kikundi kikachapisha kijitabu kilichosema wazi kwamba waliouawa walikuwa weusi na walikuwa wanawake, na kwamba ukiliacha moja kati ya hayo mawili huwezi kueleza kwa nini walikufa. Kikaweka humo mashauri ya kujilinda, na idadi ya waliouawa ikarekebishwa kila kilipochapishwa upya, maana iliendelea kupanda.

Sheria za wakati ule zilikuwa na pengo hilohilo. Mwaka 1976 mahakama ya shirikisho huko Missouri ilisikiliza kesi ya wanawake watano weusi, akiwemo Emma DeGraffenreid, dhidi ya General Motors. Kampuni haikuwa imeajiri wanawake weusi kabla ya 1964. Ilipopunguza wafanyakazi kwa kuangalia nani alitangulia kuajiriwa, walioajiriwa mwisho wakaondoka wote. Mahakama ikasema kampuni iliajiri wanawake, kwa hiyo hakuna ubaguzi wa kijinsia. Wanawake hao walikuwa weupe. Iliajiri weusi pia, na hao walikuwa wanaume. Kuunganisha malalamiko mawili yawe moja, jaji akakataa. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hii mwaka 1989 katika makala iliyoeneza wazo la makutano ya ubaguzi. Wazo hilo leo linatajwa kana kwamba ni fumbo la wasomi. Lilizaliwa na watu waliopoteza mshahara.

Aprili hiyohiyo ya 1977, upande wa pili wa nchi, watu wenye ulemavu waliingia katika jengo la serikali San Francisco wakakataa kutoka. Sheria ya mwaka 1973, kifungu cha 504, ilikataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Miaka minne ikapita, na marais watatu, bila waziri yeyote kutia saini kanuni za kuitekeleza. Zaidi ya watu 100 walikaa ndani kwa zaidi ya wiki tatu, baadhi yao wakihatarisha maisha, maana walihitaji dawa na msaada wa kugeuzwa kitandani usiku. Simu zilipokatwa, viziwi walizungumza kwa ishara madirishani na wenzao waliokuwa nje. Miongoni mwa waandamanaji alikuwemo Brad Lomax, mwanachama wa Black Panther, chama cha kupigania haki za weusi, aliyetumia kiti cha magurudumu, na chama chake kikaleta chakula cha moto kila siku. Chama cha wafanyakazi wa mitambo kiliwasaidia wajumbe waliokwenda Washington. Tarehe 28 Aprili waziri Joseph Califano akatia saini.

Kila ninaposoma habari za siku zile najiuliza ni nani angethubutu kusema kwamba watu hawa waligawa jamii. Walijitaja kwa kundi, wakashinda kwa msaada wa makundi mengine, na walichoshinda kikawa cha kila mtu. Njia za mteremko na kingo za barabara zilizoshushwa, ambazo kanuni hizo na sheria ya 1990 iliyozifuata zilizieneza nchi nzima, zinatumiwa na mama anayesukuma mtoto, mzee mwenye fimbo, na mpagazi mwenye toroli.

Tukio la tatu la mwaka huo halikuwa na kelele. Mei 1977 ofisi ya bajeti ya serikali kuu mjini Washington ilitoa Mwongozo Namba 15, uliopanga raia wote wa Marekani katika rangi nne, pamoja na swali la kama mtu ana asili ya Kihispania. Nia ilikuwa njema: huwezi kujua kama sheria za haki za raia za miaka ya 1960 zinafuatwa usipohesabu nani ameajiriwa na nani amepangishwa nyumba. Lakini tazama visanduku vyenyewe. Wahindi, walioambiwa na Mahakama ya Juu mwaka 1923 kuwa si weupe, sensa ya 1970 iliwahesabu kuwa weupe. Mwongozo wa 1977 ukawaweka kwa Waasia, baada ya viongozi wa jumuiya yao kuomba hivyo. Watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini waliandikwa weupe hadi mwongozo uliporekebishwa mwaka 2024. Mtu mwenye wazazi wa rangi mbili hakuruhusiwa kuchagua zaidi ya kisanduku kimoja mpaka sensa ya 2000.

Visanduku hivyo vilichorwa kwa ajili ya kukagua ubaguzi. Baadaye watu wakaanza kuishi ndani yake.

Deni linapogeuzwa pambo

Kama ningelazimika kutaja siku moja ambapo mambo yalikwenda kombo, ningetaja siku ya hukumu ya Bakke, Juni 1978. Naitaja kwa sababu karibu kila lawama nzito inayotupwa kwa siasa za utambulisho leo inahusu kilichotokea baada yake.

Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha California, Davis, ilikuwa imetenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa jamii za wachache. Allan Bakke, mzungu aliyekataliwa, akashtaki. Majaji waligawanyika, na kauli ya jaji mmoja, Lewis Powell, ikawa ndiyo inayoamua. Alizikataa nafasi zilizotengwa. Akakataa pia kwamba chuo kinaweza kuzingatia rangi ili kurekebisha madhara ya ubaguzi uliofanywa na jamii kwa jumla. Akaruhusu sababu moja: mchanganyiko wa wanafunzi ni faida kwa elimu ya wote. Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa mahakama hiyo, aliandika maoni yake peke yake, akaeleza historia ya watu weusi tangu utumwa, na akaona ni ajabu kwamba baada ya miaka mingi ya kubagua, mahakama haitaki kukubali dawa inayolenga kidonda chenyewe. Hakusikilizwa.

Baada ya 1978 taasisi ya Marekani iliyotaka kumchukua mwombaji mweusi ilipaswa kusema kwamba anaipendezesha taasisi. Haikuruhusiwa kusema kwamba babu yake alinyimwa mkopo wa nyumba na serikali ileile iliyompa jirani yake mweupe. Deni likafutwa katika hesabu, pambo likabaki. Vyuo vikajifunza kuhesabu nyuso, kampuni zikaiga, zikaajiri washauri na kuandika ahadi ukutani. Hayo yote yanaweza kufanyika bila kuongeza mshahara wa mfanya usafi hata senti moja. Na muda huohuo vyama vya wafanyakazi, mahali pekee ambapo maskini mweupe na maskini mweusi walikaa meza moja kudai kitu kimoja, vilikuwa vikifa: katikati ya miaka ya 1950 karibu theluthi moja ya waajiriwa wa Marekani walikuwa wanachama, leo ni kama mmoja kati ya kumi.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ilikataza vyuo kuzingatia rangi katika kupokea wanafunzi. Wengi walishangilia kwamba usawa umerudi. Katika ushahidi wa kesi hiyohiyo takwimu za Harvard zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wanafunzi weupe waliokubaliwa katika miaka iliyochunguzwa walikuwa wanamichezo walioalikwa, watoto wa wahitimu, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waliopendekezwa na wakuu, kundi ambalo kwa kawaida linajumuisha jamaa za wafadhili. Upendeleo kwa watoto wa wahitimu haukuguswa na hukumu. Huo nao ni utambulisho, na ni wa kurithiwa kabisa, ila hauna jina baya.

Athari ya pili inanihusu zaidi kama mtu ninayeandika, nayo ni namna mazungumzo yalivyobadilika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ni kweli tupu, na ndiyo iliyokuwa nguvu ya wanawake wa Boston: walijua kitu ambacho viongozi hawakukijua kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiuawa. Lakini waliposema walileta ushahidi, wakahesabu, wakamwalika yeyote aangalie. Siku hizi mara nyingi hoja inaishia pale ilipopaswa kuanzia. Mtu anasema yeye ni nani, na hilo linachukuliwa kuwa jibu. Anayehoji anaulizwa yeye ni nani, na hilo linachukuliwa kuwa pingamizi. Aliyelala kitandani anajua kunguni wanavyouma. Dawa ya kuwaua bado ni jambo la kujadiliwa, na wawili waliolala hapohapo wanaweza kutofautiana.

Wanaoumia kwanza kwa mtindo huu ni watu wa ndani ya kundi lenyewe. Mwanamke Mwislamu wa Birmingham, Uingereza, anayepingana na wazee wa msikiti wake anajikuta serikali imekwisha kuongea na wazee hao kama "jumuiya". Kijana mweusi mwenye msimamo wa kihafidhina anaambiwa amewasaliti watu ambao hawakumchagua mtu wa kuwasemea. Kila kundi linalotambuliwa rasmi huzaa wasemaji, na wasemaji hao mara nyingi ni wenye elimu, wenye muda na wenye lugha ya ofisini. Sijaona fomu ya serikali inayouliza ni nani asiyewakubali wanaosema kwa niaba yake.

Halafu kuna jambo ambalo haliko katika sheria bali katika binadamu wenyewe. Henri Tajfel alikuwa Myahudi wa Poland aliyetekwa na Wajerumani akiwa askari wa jeshi la Ufaransa. Alinusurika kambini kwa kujifanya Mfaransa. Familia yake karibu yote iliangamizwa. Miaka ya 1970, akiwa profesa Bristol, aliwagawa wavulana wa shule makundi mawili kwa kisingizio kidogo kabisa, kama vile nani alipenda zaidi picha za Klee na nani za Kandinsky, kisha akawaachia wagawe fedha. Hawakujua ni nani yumo kundi gani zaidi ya wao wenyewe, na hawakujigawia. Walipendelea kundi lao. Na kilichotisha ni kwamba wengi walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu ya lilivyoweza kupata, mradi lile jingine lizidiwe kwa mbali. Ukijua yule aliyebuni jaribio alitoka wapi, hulisomi kama mchezo wa watoto.

Weka tabia hiyo katika uchaguzi. Mwaka 1960 ni kama asilimia 5 tu ya Wamarekani walisema wangekasirika mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine. Kufikia 2010 ilikuwa karibu nusu ya Warepublikan na theluthi moja ya Wademokrati. Chama kimekuwa kabila, kikajikusanyia rangi, dini, elimu na makazi ya mtu ndani ya bendera moja. Na lugha ya utambulisho ikapatikana kwa kila anayeitaka. Huko Ufaransa, wanafikra wa mrengo wa kulia waliojikusanya tangu 1968 walilichukua dai la haki ya kuwa tofauti, wakaligeuza: kila watu wana utamaduni wao, kwa hiyo kila watu wabaki kwao. Chama cha vijana kilichojiita Génération Identitaire kilijengwa juu ya dai hilo hadi serikali ilipokivunja Machi 2021. Wazungu wenye siasa kali walioandamana Charlottesville, Marekani, Agosti 2017 wakipiga kelele kwamba hawatachukuliwa nafasi yao nao walidai ni kundi linaloonewa. Sikubali kwamba hawa ni mwangwi tu wa wanawake wa Boston. Walichokuwa wakikidai ni kile ambacho Ozawa alinyimwa kwa ajili yao.

Kisanduku cha tatu

Kuna wanaosema basi dola ifumbe macho, isione kundi lolote. Ufaransa imejaribu kwa bidii kuliko nchi nyingine. Sheria ya Januari 1978 inazuia kukusanya takwimu za rangi na asili, na mwaka 2007 Baraza la Katiba lilisisitiza hivyo. Lakini watafiti wanaotuma barua za kuomba kazi zenye sifa sawa na majina tofauti wamekuta tena na tena kwamba jina la Kiarabu huitwa mara chache kwenye usaili. Mwajiri anaona, dola ndiyo isiyoona. Na dola hiyohiyo, ilipoona wanawake hawaingii bungeni, ilibadili katiba mwaka 1999 na kupitisha sheria ya usawa wa wagombea mwaka 2000. Na mwaka 2004 ikawaona vizuri sana wasichana waliovaa hijabu shuleni, ikawakataza kuivaa. Macho hufumbwa kwa kuchagua.

Ireland Kaskazini ilikwenda upande wa pili, na ndiyo mahali panaponifundisha zaidi. Baada ya miaka 30 ya mauaji yaliyochukua watu zaidi ya 3,500, mkataba wa 1998 uliweka utambulisho ndani ya bunge lenyewe. Kila mbunge hujiandikisha kuwa Mzalendo wa Ireland (anayetaka kuungana na Ireland), Mwunganisho wa Uingereza (anayetaka kubaki na Uingereza), au "Wengine", na maamuzi mazito hutaka kura za pande mbili za kwanza. Mauaji karibu yakakoma. Siwezi kuudharau utaratibu uliofanya hivyo. Ila Novemba 2001, David Trimble, kiongozi wa Waunganisho, alipokosa kura za kutosha upande wake ili achaguliwe kuwa waziri wa kwanza, wabunge watatu wa chama cha Alliance, ambacho kwa imani yake ni cha "Wengine", walijiandikisha upya kuwa Waunganisho ili kura ipite, serikali ikaokolewa. Aliyekataa kugawanywa alilazimika kujigawa ili kura yake iwe na uzito.

Mwaka 2022 Alliance ilipata viti 17 kati ya 90, ikawa chama cha tatu kwa ukubwa, na bado katika kura hizo nzito mbunge wake ana uzito pungufu kuliko jirani yake. Kinga iliyotengenezwa kwa makundi mawili imekuwa hasara kwa wanaotaka kutoka humo.

Nafikiri hapo ndipo kipimo kilipo. Utaratibu unaomtaja mtu kwa kundi ni halali pale unaporudisha kitu alichonyimwa kwa jina la kundi hilo, na unapaswa kumwachia mlango wa kutoka. Kanuni za 504 zilipita kipimo hicho. Visanduku vya Washington vinapita nusu. Bunge la Belfast lilipita mwaka 1998 na sasa linaanza kufeli, na wanaotaka lirekebishwe si maadui wa amani.

Wengine hawakusubiri bunge. Mwaka 1981, vita vikiwa vikali, wazazi kadhaa wa Belfast, Wakatoliki na Waprotestanti, walifungua Lagan College ikiwa na wanafunzi 28, shule ya kwanza ya aina yake iliyopangwa tangu mwanzo iwe ya pande zote mbili. Hawakumwambia mtoto asahau kanisa lake. Walitaka tu kwamba asome hesabu pembeni ya mtoto wa kanisa jingine. Leo shule za namna hiyo ni takriban 70, bado ni sehemu ndogo ya wanafunzi wote. Mwaka 2022, katika bunge lilelile la visanduku vitatu, mbunge wa Alliance, Kellie Armstrong, alifanikisha sheria inayoilazimu wizara ya elimu kuziunga mkono.